Jitu la mita 18 lililotembea kama mtu

Shoti yenyewe, kipande kimoja cha filamu kisichokatwa, ina sekunde 6. Kwa fremu 24 kila sekunde tunapata fremu 144, na fremu hizo nimezikodolea macho wiki tano nzima. Mbele, upande wa kulia, amesimama mwigizaji. Tunamwona kuanzia kifuani, uso umegeuka nusu, anatazama mwisho wa barabara. Huko mwisho jitu la urefu wa mita 18, la kutengenezwa kwa kompyuta, linakatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Linavuka ukuta mfupi wa mawe, linakanyaga pembeni mwa gari lililoegeshwa, linaendelea na safari zake. Kamera inageuka taratibu kulifuata. Basi. Hakuna vita, hakuna moto, hakuna jengo linaloporomoka. Kwenye ratiba shoti hii iliandikwa kuwa nyepesi, ikapewa watu wachache: mimi kwenye animesheni, mwenzangu mmoja kwenye kuunganisha picha, yaani kulikalisha jitu ndani ya picha halisi, na wengine wakiombwa msaada wakipata nafasi.

Toleo la kwanza tulilipeleka tukiwa na furaha. Mwongozaji akalitazama mara mbili kimya, akaomba lirudiwe mara ya tatu, kisha akasema: "Mbona naona mtu kavaa ngozi?"

Ukiambiwa hivyo, kitu cha kwanza mkono unachokimbilia ni ngozi. Huo ndio ugonjwa wa kazi yetu: picha ikikataa, tunaongeza. Tukaongeza mikunjo shingoni, tukaongeza makovu, tukaongeza unyevunyevu kwenye macho, siku mbili zikaisha. Toleo jipya lilikuwa na mtu kavaa ngozi nzuri zaidi.

Ndipo nikafanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa na haraka. Nikalivua jitu kila kitu. Hakuna rangi, hakuna teksicha, hakuna mwanga wa maana, nikabaki na umbo la kijivu linalotembea juu ya picha halisi ya barabara. Nikalitazama kwenye dirisha dogo la skrini, ukubwa wa stempu. Mtu kavaa ngozi bado yupo. Kumbe ngozi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mwendo.

Nikaanza kuhesabu fremu. Pale linapovuka ukuta, wayo wa kulia unapanda hadi mita 3 kutoka ardhini, kisha unashuka. Katika toleo la kwanza ulishuka kwa fremu 7, yaani sekunde 0.29. Sasa chukua jiwe, liachie kutoka mita 3: litafika chini baada ya sekunde 0.78, ambazo ni karibu fremu 19. Wayo wetu ulikuwa unashuka haraka kuliko jiwe linaloanguka, na si kwa kidogo. Ili mguu ushuke mita 3 kwa fremu 7 lazima usukumwe chini kwa nguvu inayozidi mvutano wa dunia mara saba.

Mtazamaji hafanyi hesabu hiyo, ila jicho lake limeona vitu vikianguka tangu utotoni, na linajua. Likiona kitu kimeshuka kwa fremu 7, linasema: hiki kimeanguka sentimita 42 hivi, kwa sababu huo ndio umbali ambao kitu huanguka kwa muda huo. Kisha linapima jitu zima kwa kipimo hicho. Kama mita 3 za kwetu ni sentimita 42 za kweli, basi kila kitu kimepunguzwa mara saba na ushei, na jitu la mita 18 linakuwa na urefu wa mita 2.5. Mtu mrefu, ndani ya vazi zito. Mwongozaji alikuwa amepiga ramli sawasawa bila kushika kalamu.

Mwendo huo ulitoka wapi? Jibu lilikuwa mbele yetu, kwenye picha ya awali kabla haijasafishwa. Siku ya kupiga picha, msaidizi mmoja alitembea mita 12 mbele ya mwigizaji akiwa amebeba fimbo ya mita 6 yenye mpira wa rangi kali juu yake. Mpira ulikuwa wa kumpa mwigizaji mahali pa kutazama na mpiga kamera kitu cha kufuata. Katika sekunde 6 msaidizi alitembea mita 9, hatua kumi, kila hatua fremu 14. Aliyeanza animesheni kabla yangu aliweka picha hiyo nyuma ya kazi yake kama mwongozo wa mahali jitu linapopita, na bila kujua akachukua na mapigo ya hatua. Jitu letu lilikuwa linatembea hatua za yule msaidizi, moja baada ya nyingine. Miguu ya mita 8 ilipiga hatua kumi za mita 2.7, kama aliyefungwa kamba vifundoni.

Hapa inabidi nimsifu mtu wa kupanga tukio, yule anayeamua jitu likae wapi ndani ya picha, maana bila yeye tungeomba picha ipigwe upya. Mpira ulikuwa kwenye urefu wa mita 6, kwa hiyo mwigizaji alikuwa ameinua macho nyuzi 20 tu. Ukiliweka jitu pale alipopita msaidizi, mita 12 mbele, mwigizaji anakuwa anakodolea mapaja. Lakini mstari wa macho hauna mwisho. Hautuambii kitu kiko karibu au mbali. Ukiufuata kwa nyuzi zilezile 20 unafika urefu wa mita 18 ukiwa mita 45 kutoka kwa mwigizaji. Akalisogeza jitu huko, na macho yakakaa. Isitoshe, kamera ilikuwa mita 4 nyuma ya mwigizaji: msaidizi yuko mita 16 kutoka kwenye lenzi, jitu liko mita 49, mara tatu zaidi. Kwa hiyo mzunguko uleule wa kamera ambao kwa msaidizi ulikuwa mita 9, kwa jitu unakuwa karibu mita 27. Mwendo wa kawaida wa mtu ukageuka mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Kumbuka namba hiyo, nitairudia.

Kosa lililofuata ni langu mwenyewe. Nilipopata ile mara saba niliona nimemaliza kazi: kama jitu linaonekana dogo mara saba, nilipunguze mwendo mara saba. Nikavuta mikunjo yote ya muda, ile mistari ya grafu inayopanga kasi ya mwendo, wayo ukashuka kwa fremu 49. Nikapeleka kabla ya kulala. Asubuhi nilikuta ujumbe kwamba jitu linaogelea.

Na kweli lilikuwa linaogelea, tena hesabu ileile ingeniambia kama ningeigeuza. Mita 3 kwa fremu 49 ni sekunde 2. Kitu kinachoshuka hivyo kinavutwa chini kwa mchapuko wa mita 1.4 kwa sekunde kwa sekunde. Duniani ni 9.8. Mwezini ni 1.6. Nilikuwa nimelipeleka jitu mahali pepesi kuliko mwezini, kisha nikashangaa kwa nini halina uzito. Halafu hatua moja ilikula fremu 98, kwa hiyo shoti nzima ilitosha hatua moja na nusu, na kamera, ambayo haina habari na mabadiliko yangu, iligeuka kulia ikaliacha jitu nje ya fremu upande wa kushoto.

Muda haukui sambamba na urefu. Kitu kinachoning'inia kwenye kamba, ukiirefusha kamba mara nne, hakibembei polepole mara nne bali mara mbili. Muda unakwenda na kipeuo cha pili cha urefu. Wapiga picha za vijumba vidogo vya filamu walilijua hili zamani kabla ya kompyuta: kijumba cha robo ya ukubwa halisi walikipiga kwa fremu 48 badala ya 24, cha moja ya kumi na sita kwa fremu 96, ili maji na vifusi vianguke kwa uzito wa kitu kikubwa. William Froude, mhandisi wa meli wa Uingereza, aliifanyia kazi kanuni ya aina hiyo katika miaka ya 1870 akivuta meli za mfano kwenye bwawa la majaribio, na mwaka 1976 mwanabiolojia R. McNeill Alexander aliitumia kukadiria kasi ya dinosaria kutokana na nyayo zilizogeuka mawe. Wanyama wa maumbo yanayofanana hutembea kwa namna inayofanana pale kasi yao inapolingana na kipeuo cha urefu wa mguu wao. Kwa kazi yetu hiyo ni zawadi. Mguu wa mtu ni kama mita 0.9, hatua yake ya kawaida fremu 12 au 13. Mguu wa jitu ni mita 8, karibu mara tisa. Kipeuo cha tisa ni tatu. Hatua fremu 38.

Urefu wa hatua wenyewe haupitii kwenye kipeuo, unakua mara tisa kamili: sentimita 75 za mtu zinakuwa karibu mita 7. Mita 7 kila fremu 38 ni kilomita 16 kwa saa, ileile namba ya kamera. Siku nilipoziona namba hizo mbili zimekutana nilisimama nikazunguka kiti. Hakuna aliyepanga. Mtu wa kupanga tukio alikuwa anatafuta macho tu.

Kwa hiyo kukawa na hatua tatu na nusu badala ya kumi. Ile ya kuvuka ukuta niliipa fremu 46, kwa kuwa wayo unapanda juu zaidi: fremu 21 kupanda, 19 kushuka, na 6 ambapo nyayo zote mbili ziko chini. Zile sita sizitoi kwa mtu yeyote. Utafiti wa mwaka 2003 kuhusu tembo wanaokwenda mbio ulionyesha kwamba hata wakifika kilomita 25 kwa saa, hakuna wakati miguu yote minne inaachana na ardhi. Mnyama mzito hapendi hewa. Ukitaka jitu lionekane jepesi, lirushe hata kwa fremu moja.

Sisemi kwamba jitu la mita 18 linawezekana. Galileo alishalimaliza hilo mwaka 1638: ukikuza mwili mara kumi kila upande, uzito unaongezeka mara elfu na unene wa mfupa kwa kipimo cha eneo mara mia tu. Jitu letu lingevunjika mapaja kabla ya kufika kwenye ukuta. Lakini mtazamaji amekubali kuwa jitu lipo, hajakubali kuwa mawe yameacha kuanguka. Tulichoweza kufanya ni kuinyoosha miguu isipinde sana inapobeba, kama nguzo, na kuinenepesha kidogo kuliko alivyoichora msanii.

Muda ulipokaa sawa, ukatokea ugomvi mwingine kwenye sentimita chache za mwisho za wayo. Programu ya animesheni ikiunganisha pozi mbili huweka mkunjo laini: kitu kinaanza polepole, kinakazana, kinapunguza, kinafika. Kwa mkono unaochukua kikombe ni sawa. Kwa wayo unaoangukia barabara ni uongo mtupu, kwa sababu mkunjo huo unapunguza kasi kabla ya kugusa, kana kwamba jitu linaogopa kumwamsha mtu. Nikauvunja mkunjo pale chini. Wayo ukaongeza kasi hadi fremu ya mwisho ukiwa hewani, ukifika mita 7.7 kwa sekunde, kisha fremu inayofuata umesimama. Kwenye grafu inaonekana kama genge la mlima.

Ila ni wayo tu unaosimama. Mwili wa juu haujapata habari bado. Goti liliendelea kukunjika fremu 6 zaidi, nyonga ikazama hadi fremu ya 10, tumbo likafuata, ngozi inayoning'inia chini ya koo ikafika mwisho kabisa, ikapita, ikarudi. Hapa ndipo uzito ulipokuja, na ulikuja ghafla, katika jioni moja, bila kuongeza chochote kwenye umbo. Jitu lilipoacha kusimama lote kwa pamoja lilianza kuwa na kilo.

Kipeuo hakitumiki kila mahali, na hili lilinichukua siku mbili. Kope haianguki, inavutwa na msuli. Nilipoipunguza kasi mara tatu kama vitu vingine, jitu likaonekana limelewa. Nikairudisha. Ncha ya mkia ni fupi na nyepesi kuliko shina lake, kwa hiyo inatikisika upesi zaidi, na mkia mzima ukitikisika kwa mapigo mamoja unakuwa mpira wa bomba la maji. Kila sehemu ya mwili ina saa yake kulingana na urefu wake. Hilo pekee lilichangia kuondoa ule uogeleaji kuliko kitu kingine nilichokifanya wiki ile.

Kuhusu wakati gani hasa wayo uguse, sikuwa na uhuru. Katika fremu ya 81 mwigizaji anashtuka. Siku ya kupiga picha mtu aligonga pipa tupu nyuma ya kamera ili kumshtua, na mshtuko wake ni mzuri, mabega yanapanda, macho yanafumba. Hauwezi kuuhamisha. Toleo la kwanza liligusisha wayo fremu hiyohiyo ya 81, na mwigizaji alionekana kama anasoma mawazo. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Kutoka mita 45 inamfikia baada ya sekunde 0.13, fremu tatu. Ongeza fremu moja ya mwili kuitikia. Wayo ukagusa fremu ya 77, na hatua nyingine nikazipanga kuanzia hapo: ya kabla yake fremu ya 31, ya baada yake fremu ya 115. Mhariri alikuwa ameweka na mtikisiko wa kamera kwenye fremu ya mguso. Niliomba utolewe. Akasogeza mbele fremu chache, bado nikaomba utolewe, tukabishana kidogo, ukatolewa. Mimi naamini mtikisiko wa bandia wa kamera ni sawa na mchekeshaji anayecheka utani wake mwenyewe, lakini najua wazuri tu wanaotofautiana na mimi.

Tukamkabidhi mwenzangu wa kuunganisha picha, na yeye akagundua kwamba yule msaidizi hajaondoka.

Alianza na mwanga. Tangu Paul Debevec alipoonyesha mwaka 1998 namna ya kuchukua mwanga wa mahali halisi na kuuangazia kitu cha kompyuta, karibu kila seti ya kazi hizi huwa na mtu anayeshika tufe linalong'aa kama kioo na tufe la kijivu, anapigwa picha, kisha picha hiyo inageuzwa kuwa anga la kuangazia. Tufe letu lilishikwa kifuani, mita 16 kutoka kwenye kamera, chini ya kivuli cha miti. Jua lilikuwa la jioni. Mwanga wa tufe hilo ulikuwa sahihi kabisa kwa mtu aliyesimama pale, na jitu zima, kichwa hadi wayo, liliangazwa kama mtu aliyesimama pale kivulini. Lakini kichwa cha mita 18 kimepita paa na miti! Akaliangaza jitu mara mbili: chini, mpaka magotini, kwa mwanga wa tufe, juu ya hapo kwa jua la jioni kutoka upande, rangi ikipimwa kutoka kwenye ukuta wa ghorofa uliokuwa unapigwa na jua nyuma kabisa. Katikati ukapita mstari wa kivuli cha paa, na jitu linapotembea mstari huo unapanda na kushuka juu ya paja lake. Sijui kama mtazamaji atauona. Mimi sikuweza kuacha kuutazama.

Halafu weusi. Alichukua kipimo cha rangi kwenye kivuli kilicho chini ya gari, mita chache kutoka kwenye wayo, kikiwa ndicho kitu cheusi kuliko vyote huko mbali. Kwapa la jitu lilikuwa jeusi zaidi yake. Haiwezekani: hewa ya mita 49 ina vumbi na unyevu unaopausha, na hauwezi kulipausha gari ukalisamehe jitu. Akainua weusi wa jitu mpaka ukalingana na ule wa chini ya gari, akaupausha zaidi kidogo kichwani ambako nyuma yake ni anga.

Ukali wa picha nao ulikuwa umevuka mpaka. Lenzi ilikuwa ya milimita 27, imelenga mwigizaji mita 4 mbele, kwa hiyo gari kule nyuma lilikuwa limelainika kidogo, na jitu lilikuwa limechongeka kama kisu. Mwongozaji alilipenda hivyo. Ilibidi tumwonyeshe gari na wayo vikiwa vimekuzwa pamoja kwenye skrini moja, akanyamaza, akasema sawa.

Kuhusu ngozi, ambayo ndiyo tuliyoanza nayo tukidhani ni mgonjwa, kulikuwa na kosa moja la kweli. Magamba yalikuwa na upana wa sentimita 40, yamepangwa sawasawa mwili mzima. Kwa umbali ule pikseli moja ni kama sentimita 2.3, kwa hiyo kila gamba lilihesabika, na chini ya gamba hapakuwa na kitu. Jicho likaona mjusi aliyepigwa picha karibu. Tukayavunja magamba yawe ya saizi nyingi, na ndani yake nyufa ndogondogo hadi zinapopotea kwenye pikseli.

Vumbi la mguso liliniudhi kuliko yote, kwa sababu aliyelitengeneza ni mtu makini. Lilipasuka kando ya wayo, likapanda, likatua kabla ya hatua inayofuata, kama unga uliomwagika mezani. Tukatafuta siku nzima. Mwishowe ikaonekana kwamba ili kompyuta isilemewe alikuwa ameisafirisha ardhi ikiwa imepunguzwa mara kumi, na mvutano wa dunia kwenye programu ukabaki 9.8. Vumbi lilikuwa linaanguka upesi mara tatu kuliko inavyostahili. Ugonjwa uleule, saizi ya mtu, umeingilia mlango wa tatu. Alipoirekebisha, vumbi likabaki hewani hadi mwisho wa shoti, likafunika kisigino kile ambacho mimi nilikihangaikia siku nne. Sikusema kitu.

Gari ndilo lililotugharimu muda wa bure, ingawa sijutii. Tani zote zile zinatua kando yake na lenyewe limetulia kama picha ya ukutani. Tukalifuta, tukalijenga upya kwa kubandika picha yake yenyewe juu ya umbo la pande tatu, tukalitikisa kwenye springi zake. Sentimita 3 ndicho kiasi tulichoona ni cha haki, lakini sentimita 3 kwa umbali ule ni pikseli moja na kidogo, haikuonekana. Tukapanda hadi 7, zikapatikana pikseli tatu, na bado haikuwa hizo zilizofanya kazi. Kilichofanya kazi ni kioo cha mbele. Gari likiyumba kidogo, taswira ya anga iliyomo kwenye kioo inakimbia kote, kutoka ukingo hadi ukingo, fremu nne tu. Ukifunika mng'ao huo kwa kidole gari linakuwa limekufa tena.

Kilichobaki ni ndege. Nilikuwa nafungua picha ya awali, ile yenye msaidizi na fimbo yake, kuangalia jambo la ukuta, nikaona kati ya fremu ya 98 na 120 ndege mmoja anakatiza juu ya barabara, pengine mita 30 kutoka kwenye kamera. Waliofuta fimbo walimfuta na yeye, kwa usafi. Nikamwomba mwenzangu amrudishe. Akakata umbo lake fremu baada ya fremu, pikseli 40 hivi za mabawa, akamweka mbele ya kifua cha jitu, ndege halisi anayepiga mabawa kwa saa yake mwenyewe huku nyuma yake mbavu zikipanda na kushuka polepole.

Toleo hilo, la 31, mwongozaji alilitazama mara moja. Akauliza ndege tumemtengeneza kwa programu gani.